Nilivyochelewa Kujifunza Lugha Yako

Mwanangu Haika,

Umeshuka Rau kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua hatakuacha uondoke mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa mezani, mlango uko wazi, ng'ombe nimeshamkatia majani. Begi lako liko pale ukutani. Umelifunga tangu jana, na kila nikipita nalikwepa kwa macho.

Sikuandikii habari za baridi ya Iringa, wala watu wa stendi, wala namna ya kutunza simu yako. Hayo shangazi anakueleza sasa hivi kwa mikono, kwa mdomo na kwa macho, na usipomwelewa atakuchorea. Mimi nataka kukuandikia habari ya kujifunza. Kesho unakwenda kujifunza useremala, kazi nisiyoijua hata kidogo. Meza hii ninayoandikia inayumba, na kwa miaka mingi dawa yangu imekuwa kipande cha gunzi chini ya mguu mmoja. Kushika randa siwezi kukufundisha. Lakini kuna kitu kimoja nilijifunza nikiwa mtu mzima, nikajifunza vibaya, nikachelewa, na aliyeumia kwa kuchelewa kwangu ni wewe. Kitu chenyewe ni lugha yako.

Naandika kwa sababu mikono yangu bado ina kigugumizi. Naweza kukuambia kwa alama kwamba ng'ombe hali, kwamba mvua imeangusha maua ya kahawa, kwamba mchungaji leo amehubiri mpaka watoto wamelala. Lakini yakija ya kifuani, vidole vinagongana.

Hukuzaliwa kiziwi. Hilo unalijua. Ulikuwa unaimba, tena kwa sauti kubwa, nyimbo za kanisani ukichanganya na Kichagga cha bibi yako, maneno yote yamekaa ovyo. Ulipofika miaka mitatu na miezi kadhaa ikakushika homa ya uti wa mgongo. Ulilala hospitalini Moshi mjini, mama yako akilala sakafuni chini ya kitanda chako. Ulipotoka tukatoa shukrani kanisani. Tulidhani yamekwisha.

Kisha nikaona umekuwa mkaidi. Nikikuita huitiki. Nikikukataza unaendelea. Nikamwambia mama yako kwamba amekudekeza tangu hospitalini. Siku moja nilikuwa juu kihambani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa, napalilia, wewe unacheza pembeni ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka mlimani, nao siku hiyo ulikuwa umejaa. Nikakuita utoke. Nikaita tena. Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Wewe uko tu, unatupia majani kwenye maji. Nikavunja tawi la mbuni, nikaja mbio nyuma yako, nikakuchapa miguuni.

Uliruka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ulivyogeuka ukanitazama, nilipaswa kuelewa palepale. Sikuelewa. Mama yako ndiye aliyekuja anakimbia, mikono ina unga.

"Baba Haika, unamchapia nini?"

"Nimemwita mpaka koo limekauka. Huyu mtoto hasikii!"

"Ndiyo," akasema. Akakaa chini palepale kwenye matope, akakupakata. "Hasikii. Juzi niliangusha sufuria nyuma yake, hakugeuka. Nikaiangusha tena makusudi. Nimekuwa naogopa kukuambia. Mtoto hasikii, baba Haika. Masikio yake hayasikii."

Ile fimbo niliitupa kwenye maji. Sijui kama unaikumbuka siku hiyo. Sijawahi kukuuliza, na kilichonizuia ni woga tu.

Ulipofika miaka saba tukakupeleka shule ya bweni ya viziwi. Walimu wakawaomba wazazi wabaki siku tatu waanze kujifunza lugha ya alama, ili mtoto akirudi nyumbani asikute nyumba ya mabubu. Nilibaki. Siku ya kwanza tukaketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu alikuwa kijana, kiziwi mwenyewe, mchangamfu sana. Akatufundisha herufi za vidole. Halafu akaninyooshea mkono mimi, nije mbele nionyeshe jina langu.

Unavijua vidole vyangu. Vimeshika jembe tangu nikiwa darasa la tatu. Nilipofika herufi ya pili, kidole kimoja kikakataa kukunjwa, kingine kikakunjwa bila kuombwa. Wazazi wakacheka. Mama yako pia alicheka. Kilikuwa kicheko chema, sasa najua, maana wote walikuwa wamekwama kama mimi. Lakini mimi nilikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele za watu na kusoma matangazo, na hapo nimesimama nimeshindwa kuandika jina langu hewani. Nikaomba ruhusa nikanywe maji. Nikatoka mpaka getini. Nikamwambia mlinzi amwambie mke wangu kwamba nimekumbuka kahawa imeiva, lazima nirudi. Nikapanda gari la kurudi Moshi.

Kahawa ilikuwa bado kijani kibichi, na mama yako alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Alirudi baada ya siku tatu. Hakunigombeza. Akanikuta zizini kwa ng'ombe, akaniambia, "Tumefika kwenye vyakula na wanyama. Nikufundishe?" Nikasema kesho. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja alinisimulia kwamba mama yako siku ile ya kwanza alijifungia chooni akalia, kwa sababu hakuelewa chochote. Nikashangaa. Nilikuwa nimejiambia kwamba yeye ana kipaji na mimi sina. Kumbe tulianza sawasawa. Yeye alinawa uso akarudi darasani, mimi nikapanda gari.

Ukawa unarudi likizo, na nyumba ikawa na watu wawili wanaoongea na mmoja anayekula. Ninyi mnachambua maharage barazani, mikono inaruka, mnacheka mpaka unashika tumbo. Nauliza, "Mnacheka nini?" Mama yako anasema, "Njoo ujifunze." Mimi nasema, "Wewe niambie tu." Naye, kwa upole wake, ananiambia. Hapo ndipo aliponiharibu, kama naruhusiwa kusema hivyo juu ya marehemu. Nilikuwa na mtu wa kunichotea maji, kisima nikakipuuza. Kila swali lako kwangu lilipitia kwake, na kila jibu langu kwako. Nikaamini tunaongea, wewe na mimi. Hatukuwahi kuongea.

Nakuomba hilo ulikumbuke huko karakana. Atatokea mtu mwema, atakayeona unahangaika na kiungo cha mbao, akuchukulie akumalizie. Atakuwa anakupenda. Mshukuru, halafu kichukue kile kipande ukivunje uanze mwenyewe.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu imekuwa nzito. Haya yanayofuata hujawahi kuyasikia kutoka kwangu.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Mama yako alianza kuumwa mgongo wewe ukiwa bado nyumbani, ulimkanda kwa maji ya moto, unakumbuka. Ulipoondoka kwenda shule akalazwa. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshatembea. Alilala hospitalini wiki tano. Wiki tano, Haika. Na kuanzia siku ya pili alianza kukutaja.

"Mlete Haika nimwone."

"Shule inafunga karibuni."

"Baba Haika, sijui kama nitafika huko. Kamlete."

Shangazi yako pia aliniambia. Alikuja na uji wa asubuhi, akanivuta kando kwenye korido. "Kaka, mtoto aletwe. Kama ni nauli nitatoa mimi." Haikuwa nauli. Nikamwambia daktari amekataza watoto, jambo ambalo daktari hakulisema.

Nikwambie ilikuwa nini. Kutoka shuleni mpaka hospitali ni safari ya saa mbili. Nilijiona nimekaa kwenye kiti na wewe, unanivuta shati, unaniuliza tunakwenda wapi, kwa nini ni katikati ya muhula, mama yuko wapi. Nami sina hata neno moja la kukupa. Niliogopa saa mbili za safari na mtoto wangu mwenyewe. Kwa hiyo nikasema kesho, na kesho yake nikasema wiki ijayo. Mama yako aliona. Siku moja akanishika mikono kitandani, akaanza kunikunja vidole, hiki juu, hiki chini, ananifundisha namna ya kukuambia. Nikaitoa mikono yangu. "Utamwambia mwenyewe ukipona," nikasema. Akageukia ukutani. Alifariki siku tatu baadaye, Alhamisi.

Hapo ndipo nilipokuja kukuchukua. Ulitoka bwenini mbio, umevaa kandambili. Ukatazama nyuma yangu kumtafuta. Ukaniuliza kwa mikono. Nikatikisa kichwa. Ukauliza tena, polepole, kama anayeongea na mtoto. Nikamgeukia mwalimu wako, nikamwambia, "Mwambie wewe." Akapiga magoti akakuambia. Na wewe, badala ya kumtazama yeye, ulinitazama mimi.

Tulimzika hapa kihambani. Mchungaji aliongea, kwaya ikaimba, wajomba wakaeleza maisha ya marehemu, na katika watu wote wale hakuna aliyekutafsiria. Udongo ulipoanza kutupwa ulinivuta koti ukaniuliza kitu. Nikakupapasa kichwa. Miaka kadhaa baadaye, nilipoweza, nilikuuliza siku ile ulitaka kujua nini. Ulisema umesahau. Sidhani kama umesahau.

Likizo iliyofuata mikono yako ilinyamaza. Ulikuwa unafua, unapika, unafagia, na hukusema neno kwa mtu yeyote. Nikawa nakuachia chakula, unaniachia chai. Hata shangazi alipokuja ulimkwepa. Mpaka siku moja, jioni ya kukamua, nikakuta umesimama mbele ya ng'ombe, na mikono yako inaenda. Ulikuwa unamweleza. Ulieleza jambo refu, ukasimama, ukaendelea. Ng'ombe anatafuna anakutazama. Nilisimama nyuma ya uzio nimeshika ndoo. Mtoto wangu alikuwa na mengi hivyo ya kusema, na aliyeyapokea alikuwa ng'ombe.

Niliingia, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikamwonyesha ng'ombe kwa kidole, kisha nikafungua viganja vyangu juu, kama ninaomba: huyu anaitwaje? Ulinitazama ukaondoka.

Ulikuwa na haki. Kesho yake nikauliza tena, ukaondoka. Siku ya tatu ulibaki, ukanipa mgongo. Siku ya nne, nadhani ulichoka tu kuniona juu ya ile ndoo, ukanionyesha. Nikaigiza. Nilikosea. Ukakishika kidole changu kwa hasira ukakikunja, na nikatamani kulia, kwa sababu kilikuwa kidole kilekile alichokishika mama yako.

Hivyo ndivyo nilivyoanza, mwanafunzi wa mtoto wa miaka kumi na moja asiyependa kufundisha. Nilifanya makosa yote. Nilitaka kujua mengi kwa siku moja, nikachanganya yote. Nikanunua daftari, nikachora kila alama kwa mishale, nikajaza kurasa. Nikifika mbele yako mikono haijui kitu, daftari ndilo lililojua. Nikaliweka pembeni, nikaanza kufanyia mikono mazoezi nikichuma kahawa. Nachuma tawi moja, nasema sentensi moja. Jirani akamwambia shangazi yako, "Kaka yako tangu afiwe anaongea na mibuni." Niliacha waseme. Nilijifunza alama tatu kwa siku, mbili zikapotea, moja ikabaki. Hiyo iliyobaki ndiyo iliyonifikisha.

Na ile Jumapili bibi yako alipokuja na maziwa, nikataka kukuambia mbele ya wageni wote kwamba bibi amefika na maziwa. Ulipasuka kicheko. Ulicheka ukaketi chini. Nikakuuliza nini, ukaniandikia kwenye mkono wa shati langu kwa kalamu: Umesema bibi amekamuliwa. Bibi alipoelezwa akanirushia kanga. Lakini mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa hujacheka tangu msiba. Kama kosa langu linaweza kufanya hivyo, nikasema moyoni, basi nitakosea kila siku. Aibu niliyoikimbia kule darasani haikuwa na uzito wowote, kama ningejua.

Laiti ningeishia hapo, barua hii ingekuwa nzuri. Lakini baada ya mwaka mmoja nilikwama. Nilijua maneno ya shambani na jikoni, na wewe ulikuwa unakua, maneno yako yanakimbia. Nikagundua njia ya mkato. Nikiitikia kwa kichwa na kutabasamu, unaendelea kuongea, na mimi naonekana najua. Nilifanya hivyo miezi mingi. Ni kosa baya kuliko kutoroka, kwa sababu aliyetoroka kila mtu anamwona hayupo.

Jumamosi moja mchana tunakula ndizi, ulinieleza jambo polepole, uso umetulia. Nikaitikia. Ukasema tena, lilelile. Nikaitikia na kutabasamu. Ukaweka kijiko chini, ukalichukua lile daftari langu la zamani, ukaandika, ukanisukumia. Uliandika: Watu wanasema mama aliumwa muda mrefu. Nimekuuliza kama hakutaka kuniona. Umesema ndiyo.

Haika, hapo ningeweza kusema. Mikono yangu ilikuwa na maneno ya kutosha. Mama. Aliita. Kila siku. Mimi. Sikuleta. Yote nilikuwa nayajua. Badala yake nilisema, "Hapana, hapana. Ilikuwa ghafla." Alama ya ghafla nilikuwa nimeijifunza wiki ile. Ulinitazama midomo, ukanitazama mikono, ukaondoa sahani. Hukuuliza tena. Miaka yote hii umeamini mama yako aliondoka ghafla, au hukuamini ukaniacha tu, na sijui ipi ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo ukiwa kule, mwalimu akieleza akiwa amekupa mgongo, akageuka akakuuliza kama umeelewa, na wenzako wote wameitikia, utatamani kuitikia. Ni rahisi mno. Usiitikie. Mwambie hujaelewa, hata mara ya tano, hata wakikunja uso. Mimi niliitikia nisichokielewa mpaka siku nilipoitikia jambo lile.

Nilipanga uisome barua hii ndani ya basi, nikiwa mbali. Sasa nimeandika mpaka hapa na naona ni lile gari la Moshi tena, nimeondoka nikaacha ujumbe kwa mlinzi. Nakuona unapanda, uko kwenye kona ya kanisa, una mfuko wa shangazi mkononi. Naiacha kalamu.

*

Naendelea. Jua limezama, uko jikoni.

Nilikuambia. Nilikuomba ukae kwenye kiti cha barazani, nikasimama mbele yako, nikasema yote kwa mikono, wiki tano, aliita kila siku, shangazi aliniambia, mimi nilikataa, daktari hakukataza. Nilikosea mara mbili na hukunisahihisha. Nilipomaliza hukusogea. Halafu ukasema, "Nilikuwa mdogo. Kwa nini hukuniambia nilipokua?"

"Niliogopa."

"Umejua kusema miaka mitano."

"Ndiyo."

"Miaka mitano," ukarudia, na uliigonga ile alama mkononi kwa nguvu mpaka nikaisikia sauti yake.

Ukaenda kihambani kwenye kaburi lake. Nilikuona umekaa pale, mgongo kwangu. Sikukufuata. Nilikamua, nikachemsha maziwa, nikakaa. Nilidhani hutarudi ndani mpaka kesho uchukue begi. Lakini ulirudi, ukavuta kiti, ukaanza kuniuliza. Alilala upande gani wa chumba. Kulikuwa na dirisha? Lilionyesha mlima au ukuta? Nywele zake zilikuwa zimesukwa? Alikula nini siku ya mwisho? Nani alimwosha? Nikajibu. Kulikuwa na dirisha, lilionyesha paa la mabati na mti wa mjakaranda. Nywele shangazi alizikata. Alikunywa mtori vijiko vitatu. Nilipokosa alama nilichora kwenye meza kwa kidole. Ulikuwa unauliza kama mtu anayekusanya vitu vyake vilivyosahaulika nyumba ya watu, kimoja kimoja, na mimi nilikuwa navitoa. Hukuniambia kwamba umenisamehe, wala sikuuliza. Kesho saa kumi na mbili basi linaondoka, na nitakusindikiza mpaka stendi kama utanikubalia.

Swali lako moja sikulijibu. Uliniuliza alipokuita, aliita kwa sauti au kwa mkono. Mikono yangu ilishindwa, nikaangalia chini, ukanyanyuka ukaenda jikoni ukidhani sijui.

Najua. Wiki mbili za kwanza aliita kwa sauti. Baadaye sauti ikaisha, akawa anakuita kwa mkono. Jina lako la alama linafanyika shavuni, lakini mkono wake haukuwa na nguvu ya kufika huko, akawa analifanya palepale juu ya blanketi, kidole kikikwaruza kitambaa. Wauguzi walidhani anajikuna. Alama hiyo moja niliijua hata wakati ule. Katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba anasema Haika.

Baba yako,
Eliamani